Jibu kwa Ofisi ya Maji, Moroto

Bwana Mkaguzi, barua yako imenifikia,
imekunjwa mara nne, inanuka dizeli ya lori la chumvi.
Unasema daftari langu linajipinga:
tarehe kumi na moja Aprili, mvua milimita arobaini na moja,
mto sifuri;
tarehe tatu Juni, mvua milimita kumi na tisa,
mto mita mbili na robo.
Mvua ndogo haizai mto mkubwa, umeandika,
ukapiga mstari kwa wino mwekundu,
ukauliza kama siku hizo nilikuwa nimelewa.

Sikulewa, bwana. Aliyekunywa ni udongo.

Aprili hiyo bonde lilikuwa limepasuka.
Mkono wangu ulizama ufani hadi kiwiko.
Mtoto wa Nachuge alidondosha kandambili humo
na hatukuiona tena.
Miezi saba bila tone, kisha mvua ikaja usiku,
ikatwanga mabati ya shule, mbwa wakaingia jikoni.
Nilikimbia na tochi hadi kwenye nguzo ya kipimo
nikasimama, nikangoja,
nikisikia chini ya miguu
sauti kama ya ng'ombe wengi wakinywa gizani.
Mchanga wa mto ulilowa kidogo tu, kama shuka la mtoto.
Niliandika sifuri. Mkono ulisita,
jicho likaulazimisha.

Mei ikanyesha vimvua visivyo na jina.
Hakuna aliyevihesabu ila mimi: vinne, sita, tisa.
Haba na haba, bwana, na kibaba chenyewe ni ardhi.
Nyufa zikafumba midomo,
udongo mweusi ukavimba, ukang'ang'ania viatu.
Ile ya Juni ilipobisha hodi
kila chumba kilikuwa na mgeni.
Ikageuka, ikashika njia ya mtoni.

Hiyo ni nusu ya jibu.
Nusu ya pili naiandika polepole.

Juu ya nguzo yangu makorongo mawili humwaga mtoni,
matundu mawili ya pua moja.
La kushoto, watu wa zizi la Lokwang waliliwekea mwiko:
hakuna kuchunga, hakuna shoka.
Nyasi zimefika magotini, migunga imefungamana.
Maji ya huko huchelewa. Hufika asubuhi,
membamba, rangi ya chai ya rangi,
kama mtu aliyesimama kila mlango kusalimia.

La kulia tulilichoma mkaa.
Tulilichoma, nasema. Mimi magunia kumi na manne,
mwaka ule Naduk alipolazwa Matany
na lori la Mbale lilipolipa taslimu.
Sasa udongo wake mwekundu umevaa gamba,
ukiugonga kwa kucha unalia kama chungu.
Tone likianguka halipati jani la kulivunja kasi,
halipati mzizi wa kulionyesha njia.
Kiu ipo chini, mdomo umeshonwa.
Huko hata mvua ya mate huleta mafuriko.

Juni tatu, tundu hilo lilipiga chafya.
Mtama wa Nachuge ulikwenda na ua wake,
ndama wawili wakaenda,
nguzo yako ya kipimo nayo ikaenda.
Zile mita mbili na robo nilizipima kesho yake
kwa kamba, kutoka mchangani
hadi takataka zilizonasa mgungani:
majani makavu, mfuko wa saruji,
na kandambili moja, si ile.

Kwa hiyo naomba usinisahihishe.
Niongezee safu mbili kwenye daftari:
moja niandike kiu ya udongo kabla ya mvua,
nyingine niandike nyasi, nikizikuta.
Nguzo mpya iwe ya chuma.
Na betri za tochi, nne,
maana mto huu hausomeki mchana.

Ni mimi, Lomilo Aleper,
msoma kipimo,
aliyekuwa mchoma mkaa.